Soseji za Fahali Wetu

Baba, shikamoo. Nimefika Diani salama. Joto la huku ni la majimaji, si kavu kama la kwetu Samburu.

Leo nilizipeleka soseji za fahali wetu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mpishi mkuu, Mzungu, alinusa moja akasema, "Imechacha. Katupe." Nikamweleza kwamba nimeichachusha kwa makusudi, kwa bakteria niliofundishwa chuoni, wanaoipa nyama wekundu na kuizuia isioze.

Akacheka. "Hizo hutengenezwa kwetu Ulaya. Ninyi mtaziweza wapi?"

Sikuondoka. Nilikata kipande nikakila mbele yake, nikawagawia wapishi wengine. Mzee Hamisi, muosha vyombo, aliuliza aliyechinja ni nani. Nilipokutaja wewe, alisema bismillahi akala, akaomba kingine. Mwishowe mpishi mkuu naye akaonja, akajikatia tena. Akataka kuzinunua zote, mradi nikubali wageni waambiwe zimetoka Ulaya.

Nilikataa, Baba. Uhuru tumeupata wa nini? Nimezifunga upya, na juu ya kila karatasi nimeandika SAMBURU kwa herufi kubwa. Kesho naenda hoteli nyingine.

Mola akulinde wewe na Mama.

Binti yako,
Mwanaidi