Shemeji Amesema Analima

Jumanne, Tlawi

Kwa hiyo cheti kinasema anaweza kufanya kazi. Shemeji Paskali, ambaye akifunga kamba za viatu anapumzika!

Miaka yote ile kwenye karakana ya reli alikuwa akizungushia mabomba asbesto, na vumbi lake limemmaliza mapafu. Wakili alituambia wazi kwamba bila cheti cha daktari kwamba hawezi tena kazi, fidia tusahau. Ndiyo maana leo nilimpeleka Katesh.

Daktari ni binti mpole. Alimsikiliza kifua, akakunja uso. Kisha akauliza, "Mzee, shambani bado unalima?"

Shemeji akanitupia jicho mimi, kaka wa mkewe, niliyejikalisha mle ndani kama mgeni rasmi. Angesemaje mbele yangu kwamba dada yangu ndiye anayelima peke yake?

"Nalima," akasema. "Mpaka jioni."

Nikaanza, "Daktari, ukweli ni kwamba..."

Shemeji akanikatiza, "Mwalimu, wewe jembe ulilishika lini?"

Binti akacheka. Nami nikacheka, maana kweli sikumbuki. Daktari akaandika cheti.

Kupanda kuja nyumbani Shemeji alisimama kila baada ya hatua chache, ati anatazama ng'ombe wa watu. Nikasimama naye, nikawasifia hata waliokonda.

Wakili huenda akaomba apimwe tena. Lakini kile kifua kitangoja?

Dada alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, udongo mpaka magotini. Nilipomweleza, hakumlaumu mumewe. Aliniuliza mimi, kwa upole tu, "Na wewe, kaka, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nimekaa pembeni ya mumewe.