Mto wa Kwao Zofia

Kamwene, Tumaini wangu,

Huku Iringa tu wazima, baridi tu ndiyo inatubana. Mdogo wako ameanza kidato cha kwanza, na babu yako bado anabishana na redio.

Uliniuliza nililijuaje jina la mto Wisla kabla hujaenda kusoma Poland. Alinifundisha Zofia, mama wa Kipolandi aliyeletwa huku na Vita vya Pili vya Dunia, akabaki wenzake walipoondoka. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, alinifundisha kushona. Alikuwa mkimya sana.

Siku moja tukifua nguo mtoni, Ruaha Ndogo, nikamuuliza, "Mama, kwenu kuna mto?"

Akaacha kufua, akachukua kijiti, akachora mchangani. "Wisla. Unaanzia hapa milimani, kijito tu. Halafu nchi inakuwa tambarare, maji yanatanuka, yanakwenda polepole. Mashua zinapeleka ngano, na magogo yaliyofungwa pamoja yanaelea mpaka baharini. Wakati wa baridi kali maji yanaganda. Baba alikuwa anavuka kwa miguu, amenibeba."

Alipomtaja baba yake, akatupa kijiti, akainamia nguo tena. Nikaomba radhi.

"Hapana," akasema. "Tangu nije, hakuna aliyeniuliza kwetu kukoje. Kesho niulize tena."

Nikamuuliza kesho yake, na siku nyingine nyingi, mpaka akawa anasimulia huku anacheka.

Sasa mgeni ni wewe, mjukuu wangu. Asipotokea mtu wa kukuuliza habari za kwetu, nipigie simu, nitakuuliza mimi.

Bibi yako