Chungu Kimoja cha Geneva

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Maharage yamechelewa kuiva. Kuni mbichi. Mvua tangu mchana, kama kawaida ya Sotik. Mandazi yalikwisha kabla ya watu wa lori la maziwa kufika, wakanuna. Wanune tu, mandazi hayaoti.

Kerubo ameungua mkono kwa mafuta. Nimempaka asali akaendelea na kazi. Huyu Mkisii ana moyo. Tangu nimwajiri hajalalamika, nalalamika mimi kwa niaba yetu wawili.

Jioni wateja wa hoteli yangu wakataka hadithi za Ulaya tena. Arap Koech, anayeniletea maziwa, ndiye huanzisha. "Mama Ulaya, leo tuko mji gani?" Nikawapeleka Marseille, mahali tuliposhuka melini. Nilikuwa yaya wa watoto wa Bibi Pringle, wa shamba la chai upande wa Kericho. Walipokwenda likizo kwao walinichukua, kwa sababu watoto hawakuwa wakila bila mimi. Basi kila walipokula mkahawani, mimi Nyambura nilikuwa hapo hapo mezani, kitambaa mapajani.

Nikawaeleza wale wadudu wa baharini ndani ya makombe. Wanaliwa wakiwa hai. Ukikamulia ndimu, wanajikunja. Koech akaweka kikombe chini. "Hata fisi angengoja ife kwanza."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Cherehani ya fundi Gachoka bado iko barazani hapo jirani, imefunikwa gunia. Lori lilimchukua wiki iliyopita pamoja na mkewe, kuwarudisha rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Sasa mstari huu wote wa maduka Mkikuyu ni mimi peke yangu. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Karatasi yenye Kikikuyu siku hizi ni kujitafutia balaa.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo Paris. Viti vyote vya mkahawa vinatazama barabara, watu wamekaa kama wanaongoja harusi ipite. Mkate unawekwa juu ya meza tupu, bila sahani, na hakuna anayeona aibu. Mhudumu hana haraka. Ukimwita ananuna. Nilimpenda mara moja, ni mimi mtupu.

Kisha wakaniomba ile ya London. Sikutaka. Nikaisimulia hata hivyo, mdomo huu hauna breki. Nyumba ya chai, vikombe vyembamba, na mwanamke mzungu mwenye kofia nyeupe akaja na kunitazama mimi. Si Bibi Pringle. Mimi. Akaniuliza, mama, utakula nini?

Huwa wanacheka hapo. Leo walinyamaza. Nikageuka kuona wanatazama nini.

Mtu mgeni amekaa pembeni, mgongo ukutani, koti la mvua hajalivua. Chai tu, hakugusa mandazi. Alilipa, akaondoka bila kuaga. Kerubo anasema ni askari kanzu, amemwona huko Kaplong akiuliza watu maswali.

Sipendi mtu anayekunywa chai bila kupuliza.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani nilifikiria Geneva badala ya mahubiri. Mungu atanisamehe, mhubiri alirefusha.

Ule usiku wa Geneva, theluji nje, tuliletewa chungu kimoja kikiwa juu ya moto mdogo katikati ya meza. Ndani jibini limeyeyuka. Kila mtu ana uma mrefu wenye kipande cha mkate, anachovya kwa zamu. Wote chungu kimoja. Bwana, bibi, watoto, na mimi. Ukiangusha mkate wako ndani, unaadhibiwa. Bibi Pringle aliangusha. Akazungushwa meza nzima huku watu tusiowajua wakimpigia makofi, na alipofika kwangu akanishika bega kwa kicheko asianguke. Sijawahi kula chakula kikaniingia vile. Si jibini. Ni kule kula pamoja.

Nataka Koech na Kerubo wakione. Nimechoka kusimulia chakula kwa maneno.

Mpishi wa mama mmoja mzungu, settla wa karibu na Kaplong, ataniuzia jibini. Chungu ninacho.

Jumatano, 12 Agosti

Askari wamekuja kuangalia kipande changu, kile kibali cha kutembea. Wamekigeuza mbele na nyuma. Mmoja akauliza kwa nini watu wa makabila mbalimbali hujaa hapa jioni. Nikamwambia njaa haina kabila. Hakucheka.

Yule wa koti la mvua alikuwa ng'ambo ya barabara.

Kerubo anasema tuache mambo ya jibini kwanza. Nimemwambia nikianza kuogopa kupika, nifunge duka kabisa. Nilisema kwa ukali. Naogopa.

Jumamosi, 15 Agosti

Raha tupu leo.

Tumefunga hoteli mapema. Upepo ulikuwa unatawanya majivu, nikafunga mlango na kushusha pazia. Taa moja. Jiko la makaa katikati ya meza, chungu juu yake, jibini nimelilainisha kwa maziwa ya Koech na ndimu kidogo. Uma mrefu hatuna, nimechonga vijiti. Tulikuwa Koech na mkewe, Kerubo, mwalimu mmoja wa Sigowet anayekula kwangu siku za soko, na mimi.

Koech alichovya wa kwanza. Jibini likavutika kama uzi kutoka chunguni mpaka kwenye masharubu. Akaganda hivyo, hajui avute au akate. Mkewe alilia kwa kicheko. "Hii ni mursik imepata wazimu," akasema Koech, yaani yale maziwa yao ya mgando, lakini mkono haukukoma kurudi chunguni.

Mwalimu akaangusha mkate. Nikamzungusha meza, wengine wakipiga makofi. Kisha Kerubo. Kisha mimi mwenyewe, na mimi nilifanya makusudi.

Kwa muda nilisahau niko wapi na ni mwaka gani.

Jumapili, 16 Agosti

Nyayo za viatu kwenye tope chini ya dirisha. Vipande vya sigara. Mtu alisimama hapo muda mrefu, pale pembeni ambapo pazia halifiki.

Jumanne, 18 Agosti

Wamekuja asubuhi watu wakiwa wanakunywa chai. Wateja wakatoka bila kumaliza. Bwana afisa kijana, nywele nyekundu, na askari wake, na nyuma yao koti la mvua.

Wakachukua chungu. Nilikuwa sijakisugua vizuri, jibini limekauka kwenye ukingo. Afisa akalinusa. Akalikwangua kwa kisu, akalitia ndani ya karatasi.

Maswali. Kwa nini mlango ulifungwa? Kwa nini taa moja? Kwa nini mlichovya chungu kimoja kwa zamu? Kwa nini watu walizungushwa? Vijiti vilichongwa na nani? Damu ilikuwa ya mnyama gani?

Nikamwambia hakuna damu. Ni chakula cha kwenu Ulaya, bwana, wanakula Geneva. Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. Kumbe hajafika Geneva. Alitoka kwao moja kwa moja mpaka huku.

Sasa ninasikia nilivyokuwa nikisikika. Mkikuyu, mlango umefungwa, watu wanazunguka. Ningekuwa mimi nje dirishani, ningefikiri nini?

Kipande changu wamekwenda nacho. Bila hicho siwezi hata kwenda kuchota maji ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 20 Agosti

Hakuna mteja tangu Jumanne. Maharage nimewapa mbwa wa watu.

Kerubo hakuja. Mumewe amemkataza, na simlaumu mume. Nalia hata hivyo.

Niliitwa ofisini. Bwana afisa alizungumza kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele. Amesema nikikubali kwamba nililisha watu kiapo cha wale wapiganaji wa msituni, niwataje, na wao wakiri mbele ya watu, mimi nitarudi kwenye sufuria zangu. Nikikataa, lori la Jumatatu. Nitapelekwa rizavu, mahali nilipotoka nikiwa msichana, ambako sijui hata nyumba ya nani bado imesimama. Hoteli itapewa mtu mwingine.

Nikamwuliza, na kama ni chakula tu? Akafikiri. Akasema kama bibi mzungu niliyemfanyia kazi atasema kwa kinywa chake kwamba alikula nami chungu hicho, faili atalifunga.

Nilikaribia kucheka. Ni hilo tu? Bibi Pringle atakumbuka. Nani anasahau usiku ule?

Ijumaa, 21 Agosti

Nimerudi. Naandika nikiwa na kanga yangu yenye tope, sijabadili.

Askari alinipeleka kwa gari la ofisi. Majani ya chai yamesimama vile vile kila upande, nimewaona wachumaji niliowajua, hakuna aliyeinua mkono. Bibi Pringle alikuwa verandani na mabibi wawili wageni, wanakunywa chai. Alifurahi kuniona. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Aliinuka nusu kutoka kitini.

Askari akaeleza. Mabibi wakaacha vikombe. Mmoja akasema kitu kwa Kiingereza, polepole, kwamba je, kweli, mezani pamoja nanyi? Na akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

Bibi Pringle akakaa tena.

"Yaya nakula na watoto, jikoni," akamwambia askari, si mimi. "Hapana meza moja na sisi. Mimi hapana kumbuka chungu."

Nyuma yake, mlango wa sebule ulikuwa wazi. Juu ya kabati, ndani ya jagi la bluu, zile uma ndefu za Geneva zenye mipini myekundu. Alizinunua mwenyewe asubuhi iliyofuata, nikazifunga mimi kwenye sanduku ndani ya soksi za watoto zisivunjike. Nilizitazama. Yeye akaniona nikizitazama. Akageuza kiti kidogo, akaniziba.

Ningenyoosha kidole. Ulimi huu unaoropoka popote, leo ukakauka. Nikifikiri sasa najua kwa nini. Nilimwonea haya. Yeye aliyesema uongo, na mimi ndiye niliyeona haya.

Akaagiza nipewe chai, mlango wa nyuma. Sikunywa.

Jumapili, 23 Agosti

Sikwenda kanisani. Watu wangenihama benchini.

Koech amekuja na maziwa kama kawaida. Nikamwambia sina wa kumpikia. Akamimina tu.

Kumbe jana alikwenda ofisini mwenyewe, hakuitwa. Alivaa koti lake la barazani. Akamwambia afisa, "Bwana, mimi ni Mkipsigis. Kiapo ya Wakikuyu nitapeleka wapi? Nilikula chisi, ikashika kwa masharubu, hakuna maneno ingine." Wamemfukuza. Wamemwambia akirudi tena watamtafutia lori lake. Ana shavu limevimba. Anasema alijigonga kwenye mlango wa boma. Koech hajui kusema uongo, hutazama chini.

Nikamwambia kesho nitakubali, nimalize, niseme lolote wanalotaka. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Hoteli ni yangu, nimeijenga bati kwa bati, na nikiwa huko rizavu nani atanikumbuka?

Akaniuliza polepole atakiri nini yeye. Kwamba alikula damu? Na mkewe asimame barazani aseme hivyo mbele ya wazee wao? Na Kerubo, kwa mumewe?

Hakuwa ananikemea. Alikuwa anauliza, apate kujua ajitayarishe vipi. Angefanya hivyo. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nimeusema msemo huu maisha yangu yote bila kuufikiria.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimekwenda ofisini asubuhi. Bwana afisa akauliza mara ya mwisho. Badala ya watu nikamtajia Marseille, Paris, Geneva, London. Akaandika kitu kifupi, akafunga. Lori limekwama kwenye tope njia ya Kaplong, litafika kesho. Nimeruhusiwa kurudi kufunga vitu vyangu. Askari amekaa nje barazani kwenye kiti cha Gachoka.

Vitu si vingi. Sufuria mbili, blanketi, Biblia, viatu vya Ulaya ambavyo vimenibana tangu siku ya kwanza. Chungu hawakurudisha.

Alasiri Kerubo akaingia kwa mlango wa mbele, askari akimwona. Nikamwambia arudi kwake. Akavaa aproni. Akawasha jiko, akabandika maharage yaliyobaki, akakoroga chai. Nilipotaka kumsaidia akaniondoa kwa mkono, nikakaa mahali pa wateja, karibu na dirisha. Sijawahi kukaa hapo. Kiti kinayumba, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Akapangusa meza mbele yangu, vizuri, mpaka pembeni. Akatandika taulo safi la sahani. Kisha akasimama wima, mikono nyuma, nilivyomwonyesha mimi mwenyewe siku ile ya hadithi ya London.

"Mama, utakula nini?"

Nilikaa muda kabla ya kujibu, kama watu wa Paris, pasipo haraka. Nikaagiza maharage na chai. Akaleta. Mvua ilikuwa imeanza. Nikamwomba aketi, akaketi, tukala kwenye sahani moja.