Sehemu ya Pili Imetoka, Bamdogo

Bamdogo Butoyi,

Huku tu wazima wote, kasoro wewe. Nimeanza hivyo kwa sababu najua ungecheka, na nataka ucheke kwanza kabla sijakugombeza. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo wiki nzima hapa dukani kwangu Nsemulwa. Wateja wanaleta flashi zao niwarushie picha za video, nawajibu kwa mkato mpaka mmoja ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Sehemu ya pili imetoka.

Ndiyo, ile ile. Miaka kumi na mitatu watu wameisubiri, wewe ukiwa kiongozi wa wasubiriaji, na imetoka miaka mitatu baada ya sisi kukuzika.

Hapa mjini imewagawa watu. Fundi simu wa jirani anasema amelia, tena anasema bila aibu. Waendesha bodaboda wa kijiweni wanasema maneno mengi, ngumi chache, na chombo cha angani kimeruka mara mbili tu picha nzima. Wengine wanalalamika stelingi, yule shujaa wa picha, amezeeka, kana kwamba wao walibaki vilevile. Kwenye grupu letu la wapenda picha mtu mmoja kajitoa kwa hasira, akarudishwa, akajitoa tena. Lakini hao wote wanagombania picha waliyoiona kwenye simu, yenye maandishi chini. Kule kwetu Katumba, makazi ya wakimbizi, hawaijui picha hiyo. Katumba wanaijua ya kwako.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi nilikuwa darasa la saba. Ulikuwa umekaa pembeni ya runinga ndani ya banda la video la Ezekieli, maiki mkononi, taulo shingoni, unatafsiri kwa Kingereza chako cha maneno arobaini. Yaliyobaki ulikuwa unayapika. Tulijua unapika, na ndiyo maana tulikuja. Picha yenyewe ilikuwa na jina lake la Kizungu ambalo hakuna anayelikumbuka. Wewe uliita Wakimbizi wa Angani na likabaki hilo. Watu ambao ulimwengu wao unaungua, wanapanda chombo, wanakimbilia ulimwengu mwingine. Walipotua kule porini na kupokewa na afisa mwenye daftari, ulisema, "Sasa hapa wanaandikishwa. Kila kaya jembe, panga na mahindi ya njano. Haya, msitu ni huo, fyekeni!" Wazee waliokuwa kwenye mabenchi waliangua kicheko, halafu kicheko kikakatika chenyewe, maana walikuwa wanakumbuka jembe lao na panga lao.

Bibi, mama yako, alikuwa amekuletea ugali na ndagala, dagaa zetu, kwenye bakuli lenye mfuniko. Hakuwa mtu wa mabanda. Alisimama mlangoni akisubiri upate nafasi ya kula, na hapo ndipo stelingi akawa anamvuta mdogo wake kuelekea kwenye chombo, mtoto akachomoka mkononi, mlango ukajifunga na moto ukapanda. Ulisita kidogo. Kisha ukamwita yule mtoto jina.

"Bukuru! Bukuru amebaki! Lakini msilie, ndugu zangu, Bukuru hajafa! Amechukuliwa na chombo cha nyuma! Subirini sehemu ya pili!"

Banda zima likapiga makofi. Bibi akaja akakaa benchi la mbele na bakuli mapajani, na ugali wako ukapoa pale pale.

Mtu wa mbali angeshangaa jina lina nini. Kwetu hata mtoto mdogo anajua: pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Kila ulipojitambulisha, mtu alikuuliza Bukuru yuko wapi, na wewe ulikuwa na jibu lako la mzaha, "Anakuja, kachelewa." Nilikuwa mkubwa tayari siku Bibi aliponieleza. Walipokimbia Burundi, wewe ulikuwa mgongoni kwake na Bukuru mgongoni kwa jirani aliyejitolea kumsaidia mzigo. Walipofika mto Malagarasi watu walikuwa wengi, kila mmoja akavuka alipoweza. Bibi alivuka na wewe, na baba yangu akimshika nguo. Yule jirani hakuonekana upande wa huku, wala Katumba, wala kambi nyingine yoyote alikoulizia. Mlikuwa na miezi mitatu.

Tangu siku hiyo ya banda, Bibi hakukosa hata mara moja Ezekieli alipoionyesha. Na kila ulipotoka mjini alikuuliza, kabla hata hujatua begi, "Imetoka?" Unamjibu bado. Anasema haya, na maisha yanaendelea.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichukua ile CD nikaitazama peke yangu bila sauti yako. Nilikuwa na Kingereza kipya, nakiringia. Nikasikia kwa masikio yangu yule nahodha akimwambia stelingi kwamba mdogo wake amekufa, asitazame nyuma. Nilikuja mbio nikakukuta unapanga majani ya tumbaku chanjani.

"Bamdogo, yule mtoto alikufa."

Hukugeuka. Ulimalizia ufito uliokuwa nao, ukautundika, ukajifuta mikono kwenye suruali. "Kwa Kingereza alikufa," ukasema. "Kwa Kiswahili bado."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, niliona ni maneno ya kijanja tu. Hata siku zile za mwisho, kifua kilipokubana na ukawa unasema neno moja moja, uliponiambia sehemu ya pili ikitoka maiki ni yangu, nilijiona nimepewa heshima. Sasa najua ulikuwa unanitwisha mzigo.

Kwa sababu Ezekieli alinipigia. "Konsolata, watu wanaitaka kwa sauti ya nyumbani kwenu. Jumapili baada ya ibada, saa nane. Nimeshatangaza." Nikamwambia atafute mtu mwingine. Akasema, "Bibi yako ameshaniuliza akae wapi."

Niliitazama mara tatu hapa dukani, mlango nimeurudishia. Nilikuwa namtafuta Bukuru wako. Nilimtafuta kwenye kila chombo, nyuma ya kila mtu aliyepita, nikisema labda walioandika picha hii walikusikia. Hayumo. Baada ya saa moja na nusu hivi stelingi anarudi kwenye ulimwengu ule ulioungua, anatembea kwenye majivu, anafika kwenye jiwe lenye maandishi. Anapiga magoti. Mara ya tatu nilizima kompyuta nikakutukana, Bamdogo. Nisamehe, ila nilikutukana.

Ningefanya nini? Ningesema ukweli, namzikia Bibi mtoto wake mbele ya watu mia, kwa maiki. Ningedanganya kama wewe, na kuna vijana wameshaiona kwenye simu, wengine nimewarushia mimi mwenyewe. Nilipanda pikipiki kwenda Katumba sijui nitasema nini, na dereva akawa ananipigia hadithi njia nzima sisikii hata neno.

Banda lilijaa mpaka watu wamekaa chini. Jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, na ndani joto la kupikia. Bibi alikuwa benchi la mbele, kitenge kipya, kilemba kipya, viatu vya kanisani. Alinishika kidole nilipopita. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwenye joto lile.

Nilianza kama wewe. Nikawaita watu wa kwenye picha kwa majina uliyowapa, nikatia jembe na panga panapostahili, wakacheka. Halafu ugomvi ukaanza. Mzee mmoja akapaza sauti, "Butoyi hakusema hivyo! Huyo afisa si alihamishwa?" Wengine wakamzomea, wengine wakamuunga mkono. Wanawake wa nyuma wakataka nisipunguze maneno, vijana wa mlangoni wakataka nipeleke mbele mpaka kwenye vita. Ezekieli akapiga bati kuwanyamazisha. Nilikuwa natoka jasho na bado dakika arobaini kufika kwenye lile jiwe.

Stelingi akatua kwenye majivu. Maiki nikaishusha. Alitembea, na mimi kimya, na ile spika yako ya zamani ikawa inatoa upepo tu. "Tafsiri!" wakasema nyuma. "Tafsiri, dada!" Akafika kwenye jiwe, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya maandishi. Nikafungua mdomo, sauti haikuja.

Masanja ndiye aliyekuja nayo. Humjui, ni yule dereva aliyenileta, bodaboda wa mjini, kijana wa Kisukuma, mteja wangu. Picha hiyo nilimrushia mimi. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia ngumu kwapani. "Si kaburi la yule dogo hilo!" akapayuka. "Mnadanganywa nyie! Yule dogo alikufa tangu ile ya kwanza. Mtafsiri, sema ukweli!"

Ndipo banda lilipopasuka katikati. Nusu wanamfokea Masanja atoke, nusu wananifokea mimi niseme. Mtu akasema marehemu Butoyi si mwongo. Mwingine akasema alikuwa mwongo sana, Mungu amrehemu. Benchi likaanguka. Ezekieli akasimamisha picha, jiwe likabaki limejaa kwenye kioo.

Bibi akasimama.

Hakusema nyamazeni, lakini wakanyamaza, kuanzia mbele kwenda nyuma. Alisogea mpaka karibu na runinga, mwanga wake ukampiga usoni. Unajua hakusoma hata siku moja. Akanyoosha kidole kwenye yale maandishi, karibu ayaguse.

"Konsolata. Wameandika nani?"

Nilikuwa na maiki mkononi, Bamdogo. Nilitazama lile jiwe kama sijaliona mara tatu. Nilikuwa nimetazama kaburi muda wote, sikuwa nimetazama jina.

"Wameandika Tom, Bibi."

"Soma tena, mwana wanje, mwanangu. Soma vizuri."

"Te, o, em. Tom."

"Hapana Bukuru?"

"Hapana."

"Tom ndiye huyo huyo!" Masanja akadakia. "Ndiyo jina lake kwenye picha, Bibi. Huyo Bukuru walimpachika tu huku."

Bibi akamgeukia. Hakuwa na hasira, ndicho kilichonitisha. "Wewe mwanangu, Bukuru unamfahamu?"

Masanja akatazama watu, akatazama kofia yake. "Simfahamu, Bibi."

"Basi kaa."

Na akakaa, pale pale chini kwenye vumbi. Bibi akarudi kwenye benchi lake, akaweka kitenge sawa, akaniambia niendelee.

Niliendelea. Nilitafsiri kila neno la stelingi pale jiweni kama alivyolisema, kwa sababu sasa niliweza. Alikuwa anamlilia Tom, na watu wakamlilia Tom naye, hata wale wa ngumi. Lakini usidhani iliisha kwa amani. Walitoka wakibishana mpaka barabarani. Kuna wanaosema nimeiharibu picha ya Butoyi, kuna wanaosema nimewaonea haya wazee, na Ezekieli kaambiwa picha ijayo alete mtafsiri kutoka Dar. Masanja alinirudisha mjini kimya kimya, akakataa kuniambia ameipendaje.

Mimi nilichotaka kujua ni Bibi ameelewa nini. Nilimsindikiza mpaka nyumbani, nimembebea viatu maana vilimbana. Sikuthubutu kumuuliza. Kama anajua tangu zamani kwamba ulikuwa unapika, au kama alikuamini neno kwa neno, sijui mpaka sasa, na nimeacha kutaka kujua. Tulipofika uani alikaa kwenye kigoda chake, akanyoosha miguu.

"Hata humu hajaonekana," akasema.

"Hajaonekana, Bibi."

Akavua kilemba, akakikunja mara mbili, mara nne.

"Lakini hajazikwa."

Akaniomba maji ya kunywa, nikaenda jikoni, na huko jikoni ndiko nilikokulilia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Siku ya msiba nilikuwa na shughuli za watu. Nilikuwa bado nina hasira nawe, na bado ninayo kidogo, kwa kuniachia maiki bila kuniambia uzito wake. Ila nimeelewa kwa nini ulisita siku ile kabla ya kumwita mtoto jina. Yule stelingi hakukushughulisha. Ulikuwa pacha aliyevushwa, na ulipewa nafasi ya kusema kitu kuhusu yule mwingine, mbele ya mama yenu.

Maiki ninayo hapa dukani, juu ya rafu ya flashi. Watu wakiniuliza habari za Bukuru nawajibu jibu lako. Anakuja, kachelewa.

Pumzika, Bamdogo. Kama uko naye huko tayari, usinitumie habari. Bibi bado anasubiri, na kwa Kiswahili bado hajafa.

Mtoto wa kaka yako,
Konsolata