Kulilaza Gari la Baba

Ristijärvi, 18 Septemba 1994

Mwanangu Tuire,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kazi yako. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba baridi imekaribia. Jana kulikuwa na utando wa barafu kwenye ndoo ya nje.

Baba yako bado yuko wodi ya wazee, tangu Agosti. Anakula, analala, hana maumivu. Akili ndiyo inayokwenda na kurudi. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita muuguzi. Lakini kuna jambo moja halijamtoka. Kila nikifika, kabla hata sijavua koti, ananiuliza, "Gari limelala?"

Unajua mwenyewe. Kila mwaka, kabla hawajamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, lile Volvo lilikuwa linalazwa gereji mpaka Mei. Wiki iliyopita nikamwambia, "Limelala, Veikko, usiwe na wasiwasi." Akaushika mkono wangu, akaunusa. Akasema, "Huu unanuka sabuni. Haujagusa oili. Usinidanganye, mama."

Nilirudi na basi nikiwa na aibu kama mtoto aliyekutwa akidokoa sukari.

Sasa nataka nililaze kweli. Miaka arobaini ya ndoa nimeingia gereji ile kupeleka kahawa tu. Majirani siwaiti, baba yako hakumruhusu mtu aliguse gari lile hata kwa kitambaa. Aliyefanya naye kazi ile ni wewe peke yako. Najua hutaki kusikia habari zake. Sikuombi kwa ajili yake, nakuomba kwa ajili yangu. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu asiyejua chochote, maana ndiye mimi.

Simu siitaki. Kwenye simu tunasema habari za mvua, kisha tunaagana.

Mama yako


Adelaide, 1 Oktoba 1994

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa goti hilo sijalifurahia, lifunge sufu. Mimi ni mzima. Huku kusini mwa dunia ndiyo kwanza joto linaanza. Natengeneza mabasi ya shule, mikono inanuka oili Jumatatu mpaka Ijumaa. Ingekuwa karibu ningekuazima mmoja uupeleke wodini.

Sikiliza basi. Kwanza, tanki. Lijae mpaka shingoni. Tanki likiwa nusu hutoka jasho ndani, na jasho hilo huzaa kutu. Huna haja ya kuendesha: chukua galoni, nenda nalo kituo cha mafuta, rudi umimine. Safari tatu zitatosha.

Pili, oili. Oili chafu isilale na injini. Washa injini dakika kumi ipate joto, na mlango wa gereji uwe wazi KABISA, Mama. Moshi ule unaua bila kupiga hodi. Zima, ingia chini na beseni, fungua nati kubwa ya chini ya injini; oili ikiisha kutoka uirudishe nati, umimine oili mpya kwa juu. Spana yake iko ukutani, ya tatu kutoka kushoto, kama hajaihamisha. Hajaihamisha. Namjua.

Tatu, lioshe. Juu si kitu. Osha chini, na ndani ya matao ya matairi ambako matope hujificha. Liache siku mbili likauke milango ikiwa wazi, ndipo ulipake nta.

Fanya hayo kwanza, mengine nitakuandikia. Kuhusu yeye, usinieleze na sitakuuliza.

Mwanao,
Tuire


Ristijärvi, 16 Oktoba 1994

Mwanangu Tuire,

Salamu. Barua imefika, ahsante. Mimi sijambo, goti nimelifunga kama ulivyosema. Nawe nakuombea afya.

Kazi zote tatu nimezimaliza. Petroli nilisafiri nayo mara nne, kwa kuwa galoni likijaa siwezi kulibeba. Spana ilikuwa ya tatu kutoka kushoto. Nati ilikataa, nikaikalia ile spana kwa uzito wangu wote, ikakubali ghafla, na oili ikaniingia mpaka sikioni. Nimelala chini ya gari, miaka sitini na mitatu, nikacheka peke yangu mpaka nikaogopa sauti yangu mwenyewe.

Nilipokwenda wodini alinusa mkono, akasema, "Ehe! Sasa tunaongea."

Ulisema nisikueleze habari zake. Hili litabidi nikueleze, kisha nitanyamaza.

Nyuma ya mlango wa gereji, kwenye ubao, kuna maandishi ya penseli. Sikuwahi kuyaona kwa sababu mlango ule siku zote nilikuta uko wazi, umeegemea ukuta. Kila mwaka ameandika siku ya kulilaza gari na waliofanya kazi. "10 Oktoba 1964. Tuire na mimi." Ulikuwa na miaka minane. Hivyohivyo mpaka 1982. Mwaka 1983 ameandika, "Mimi." Neno hilo moja. 1984, "Mimi." Mpaka 1990.

Halafu 1991 ameandika tena, "Tuire na mimi." Na 1992. Na mwaka jana.

Niligeuza ndoo nikaikalia. Madaktari walisema ugonjwa ulianza majira ya baridi yaliyopita. Ubao unasema vingine. Nakumbuka alivyokuwa akiingia jikoni akinawa, akisema, "Leo tumemaliza mapema." Tumemaliza. Mimi nilidhani ni yeye na gari. Nikammiminia kahawa.

Niambie cha kufanya sasa. Asubuhi ardhi inaamka ngumu.

Mama yako


Adelaide, 6 Novemba 1994

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya huo ubao wako.

Ungeuacha. Sasa nifanye nini na "Tuire na mimi"? Kama ni mapenzi, yamechelewa. Kama ni ugonjwa, si yake. Miaka kumi na moja nimebeba maneno ya kumwambia siku tukikutana, nimeyapanga vizuri kama spana. Aliyenifukuza hayupo tena, na aliyepo hanijui. Nigombane na nani?

Nikukumbushe siku ile, maana hatujawahi kuitaja. Jikoni. Nilimwambia, "Baba, umri umekwenda, niachie karakana." Akasema, "Watu hawatamletea mwanamke magari yao." Nikamwambia, "Mbona wananiletea miaka kumi sasa?" Akasema, "Walikuwa wananiletea mimi." Juma lililofuata akamuuzia mtu wa Oulu asiyejua kabureta na birika vina tofauti gani. Na wewe, Mama, ulikuwa umekaa palepale ukimenya viazi. Hukuinua kichwa.

Hayo basi. Kazi iliyobaki ni hii. Toa betri, uiweke ndani ya nyumba, juu ya ubao, uichaji mara moja kwa mwezi. Inua gari kwa jeki, uliegemeze kwenye stendi nne, matairi yasibebe uzito miezi saba, yatapinda. Kwa hili mwite mtu, usifanye peke yako. Breki ya mkono iachie, ikilala imekazwa itanata. Ziba bomba la moshi kwa stiliwaya ya kusugulia masufuria, panya wasiingie kuzaa humo. Mwisho lifunike kwa shuka la pamba, si nailoni. Gari linahitaji kupumua.

Mwanao,
Tuire


Adelaide, 4 Desemba 1994

Mama,

Hujambo? Wiki nne sina barua. Nimepiga simu mara sita, inalia tu. Niliandika kwa hasira, nisamehe ukali. Ulikwenda chini ya gari peke yako? Niandikie hata neno moja.

Tuire wako


Ristijärvi, 15 Desemba 1994

Mwanangu Tuire,

Salamu. Mwili wangu ni mzima, usiogope. Nisamehe kwa kimya. Simu niliisikia ikilia, nikawa naiangalia. Nimefanya jambo, na nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Namna sijaipata, basi nalisema hivihivi.

Tarehe 13 Novemba ilikuwa Siku ya Baba. Wodini waliniruhusu nimlete nyumbani kwa mchana ule. Nilimleta kwa teksi. Nilikuwa nimeoka keki, nimetandika meza. Hakuingia hata ndani. Alishuka, akaelekea gereji moja kwa moja, nami nyuma yake nimebeba kofia yake.

Ungemwona! Mtu anayefungwa vifungo vya shati alifungua boneti kwa kidole kimoja. Alichomoa betri akanipa: "Ndani. Usiiweke sakafuni." Alipiga jeki pole pole, upande huu, upande ule, akaingiza stendi, akazitikisa kila moja. "Lete stiliwaya," akasema. "Panya hawasomi kalenda." Nikampa fungu kubwa. Akasema, "Si hilo, Tuire. Lile dogo."

Hapo ndipo nilipojua ninayemsaidia anamdhania nani. Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa sijaiona furaha hiyo tangu ulipoondoka.

Tulipokwisha kutandaza shuka alikaa kwenye stuli akawa anafuta vidole, kimoja kimoja. Bila kuniangalia akasema, "Bado umenikasirikia?"

Nikaivuta ncha ya shuka, nikainyoosha.

"Karakana ilikuwa yako," akasema. "Kila mtu alijua. Niliona haya mbele ya wanaume wenzangu, basi. Haya tu. Kosa kubwa vile, na sababu yake ndogo hivi."

Akainua macho, akawa ananingoja. Na mimi nikasema, "Nimeshakusamehe, Baba."

Ndilo hilo nililolifanya. Nilimwita mume wangu Baba, nikampa kitu kisichokuwa changu. Alipumua kama mtu aliyetua gunia. Dakika chache baadaye aliniuliza mimi nani, na kahawa iko wapi.

Barua yako ilifika siku nne baadaye. Kila ulichoagiza tulikuwa tumekifanya, na kwa mpangilio uleule. Habari za viazi nazo nimezisoma. Ni kweli. Sikuinamisha kichwa kwa sababu ya viazi. Nilijua nikikiinua itabidi nichague, nami nilikuwa mwoga. Kwa hiyo uniwekee makosa mawili: siku ile nilinyamaza ilipokupasa utetewe, na mwaka huu nimesema mahali palipokuwa pako.

Jambo jingine nalisema mara moja, nisilirudie. Mchana ule nyumbani kwangu kulikuwa na baba na binti yake. Mke hakuwepo. Kutwa nzima hakuna aliyeniita Aune. Nilipomrudisha wodini alimshika muuguzi mkono akamwambia, "Huyu binti yangu ni fundi." Nikavaa koti nikatoka kusubiri basi.

Tangu siku ile hajauliza tena habari za gari.

Mama yako


Ristijärvi, 19 Februari 1995

Mwanangu,

Salamu, na natumaini u mzima. Barua yako sijaiona, na sikulaumu. Baba yako hasemi tena, analishwa kwa kijiko. Betri naichaji kila mwezi. Nimeandika ili ujue tu.

Mama yako


Adelaide, 12 Machi 1995

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Niliandika majibu manne nikayachana. La kwanza lilikuwa na matusi, ushukuru Mungu halikupata stempu.

Sijamsamehe, Mama. Pengine nitamsamehe, pengine hapana, lakini nilitaka niwe mimi. Umenimalizia ugomvi wangu kama mtu anayemaliza chakula cha mwenziwe akiwa ametoka kunawa. Nilikasirika wiki nyingi. Kisha nikamfikiria akipumua vile ulivyoandika, nikaona siwezi kukuambia urudi ukamnyang'anye neno lile. Basi libaki kwake. Mimi nitaanza upya na langu.

Ila kuna jambo nimeona. Jumapili nilizitandaza barua zako zote kitandani nikazisoma moja baada ya nyingine. Gari limo. Baba yumo. Wewe unapita tu katikati yao na sinia la kahawa. Na mimi ni hivyohivyo: nimekuuliza habari za spana, za stendi, za panya. Sijakuuliza jioni unakula na nani.

Sijui kama nitakuja Mei, gari litakapoamshwa. Nauli ninayo, moyo ndio bado unasuasua, nisikudanganye. Lakini niandikie barua moja isiyo na gari wala Baba ndani yake. Hata mistari mitano. Hiyo nitaingoja.

Mwanao,
Tuire


Ristijärvi, 26 Machi 1995

Mwanangu Tuire,

Salamu. Siku ya tatu leo nimekaa na karatasi hii. Kila sentensi niliyoianza ilikuwa na mmoja wa wale wawili, nikaifuta. Unaona mwenyewe karatasi ilivyochakaa.

Jioni nakula peke yangu, nimesimama kando ya jiko, kwa sababu nikikaa meza inakuwa ndefu mno. Uji wa shayiri siupendi. Nimeupika kila asubuhi tangu niolewe, na siupendi, sijawahi kuupenda. Nimeacha kuupika mwezi Januari na hakuna kilichotokea.

Kabla sijaolewa nilikuwa nikiunganisha simu posta ya Kajaani. Hili nadhani hulijui. Nilizijua sauti za mji mzima, na mjini hakuna aliyeujua uso wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na siku niliyoiacha wenzangu walinipa maua, nikayashika kwenye basi njia nzima kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Jana jua liliwaka na theluji juu ya ziwa lililoganda ilikuwa ngumu, inabeba mtu. Nilifunga miguuni mbao zangu za ski nikateleza mpaka katikati ya ziwa, mahali ambapo hata nyumba huzioni. Nikapiga kelele. Si neno, si jina, kelele tu. Nikageuka kutazama kama kuna aliyenisikia. Hapakuwa na mtu pande zote.

Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Mama yako,
Aune