Mavi ya Chuma Sebuleni

Jumamosi, 4 Machi

Mama mkwe ametoa vikombe vyake vya kaure kabatini. Vikombe vya harusi yake — vile ambavyo tangu niolewe sijaruhusiwa hata kuvifuta vumbi. Sasa viko kwenye boksi la sabuni, chini ya kitanda. Na kabatini, nyuma ya kioo, yamepangwa mawe. Kila jiwe limekalia kitambaa chake. Kitambaa!

Anasema ni vimondo. Vimeanguka kutoka juu.

Vimetoka nyuma ya karakana ya zamani ya reli. Pale watu waliyeyusha chuma miaka nenda rudi, na takataka zake wakazimwaga nje. Takataka hizo zina jina: mavi ya chuma. Nikamwambia mume wangu, mama yako amepanga mavi sebuleni. Akaniambia nipunguze sauti. Ndiyo kazi yake katika ndoa hii, kunipunguza sauti.

Jumapili, 5 Machi

Leo nimemwona anayemfundisha mama mkwe mambo ya mawe. Anaitwa Profesa. Profesa wa nini, hasemi. Wifi yangu amemtambua mara moja: alikuwa akiuza miwani ya kusomea sokoni, karibu na wauza viatu.

Anavaa koti jeupe kama la kwetu hospitali, tofauti ni kwamba la kwetu hufuliwa. Shingoni amening'iniza kioo cha kukuzia. Analipokea jiwe kwa mikono miwili, anafumba macho, analipima uzito. Halafu — nimeona kwa macho yangu — analilamba. Anaitikia kwa kichwa polepole. "Chuma cha anga, mama. Hakina chumvi."

Mama mkwe alikuwa akimtazama vile ambavyo hajawahi kumtazama mwanawe wa kumzaa.

Kila jiwe linalolambwa linapata cheti. Cheti kina muhuri. Muhuri una nyota. Nimeuliza kwa upole kabisa kama kuna jiwe lolote ambalo amewahi kulikataa. Akasema yapo, ila watu huwa hawaleti mawe mabaya kwa mtu anayeyajua. Jibu zuri. Mtu wa namna hii angekuwa kwenye siasa saa hizi, kama si uvivu.

Jumanne, 7 Machi

Aibu ya mwaka. Niko kazini, foleni ya eksirei imefika nje. Nikaita anayefuata. Akaingia mama mkwe, amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda msibani. Akafungua mkoba, akatoa jiwe, akaliweka juu ya meza ya wagonjwa.

"Mpige picha huyu."

Mwenzangu wa zamu akageukia ukutani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Nikamwambia mama, hii mashine ni ya watu. Akasema, "Mgonjwa wa kwanza asiyelalamika, unamkataa."

Nikalitazama hilo jiwe. La kahawia, dogo kama ngumi, limeungua upande kama kiazi kilichosahaulika jikoni. Halina hata ule mng'ao wa mengine. Nikamuuliza mama, Profesa wako anasemaje. Akainamisha macho. Profesa amelikataa. Amelilamba, akatema mate, akasema si kitu.

Basi hapo nikacheka na mimi. Nikamwambia, mbele ya kijana aliyevunjika mkono na mzee wa kifua, mama, hata tapeli ana mpaka wake. Hilo ni jiwe la barabarani. Litupe.

Akalifunga ndani ya mtandio wake, taratibu, akatoka. Yule mzee wa kifua akanitazama vibaya. Angekuwa mama mkwe wake yeye, angejua.

Jumamosi, 11 Machi

Sasa si mchezo tena. Wifi amekuja mbio na habari: mama anataka kumwandikisha Profesa nusu ya ile nyumba yake ndogo ya mtaa wa pili. Ubia. Watavunja ukuta wa kati, wataweka taa, watu watakuja kutazama vimondo. "Jumba la Vimondo." Mkurugenzi — Profesa. Mlezi — mama mkwe.

Ile nyumba tuliahidiwa sisi. Wapangaji wakitoka tunahamia. Nimeshapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Siandiki hapa kujifanya nina uchungu wa sayansi tu. Nina uchungu wa sayansi na uchungu wa nyumba, na vyote viwili ni vya haki.

Nikaenda kumkabili. Mume wangu akaja nyuma yangu, akakaa karibu na mlango. Nikasema yote. Muuza miwani. Koti chafu. Mavi ya chuma. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza.

Halafu akasema mawe yapelekwe chuo kikuu, kwa wataalamu wa miamba. Niyapeleke mimi mwenyewe, isije ikasemwa yamebadilishwa.

"Yakitoka yote takataka, simwandikishi mtu. Kikitoka kimondo hata kimoja, nasaini, na wewe nisikusikie tena katika jambo hili."

Hata kimoja. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Mume wangu akasema tufikirie kwanza. Sisi wote wawili tukamwambia anyamaze.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepeleka. Mawili ya kabatini, yale yenye vyeti vikubwa, nimeyachagua mwenyewe. Nikiwa mlangoni mama akanisogezea na lile la kahawia. "Na hili."

Nikasema lakini hata Profesa wako kalikataa. Akasema, "Nimesikia. Chukua."

Idara yenyewe iko ghorofa ya chini, korido ina vumbi jeupe. Mtaalamu ni dada mwembamba, kucha zimekatika kama za fundi. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akanionyesha rafu nzima ya vitu walivyoletewa na watu: vipande vya kinu, lami, hata gurudumu la toroli lililoyeyuka. Kila kimoja kimefungiwa karatasi vizuri. Nikamwambia pole kwa kazi. Akasema watu wanaookota vitu hawamsumbui. Wanaomsumbua ni wanaokuja na jibu tayari.

Nadhani alimaanisha akina Profesa.

Yale mawili ya kabatini aliyageuza mara moja tu. Yana matundu kama mkate. Kimondo hakiwi na matundu hivyo, anasema. La kahawia akalishika kidogo zaidi, akalisogezea sumaku iliyofungwa uzi. Sikusubiri kuona. Nilikuwa na zamu.

Jumapili, 19 Machi

Mume wangu kaniomba niende na mama matembezi yake, kama namna ya suluhu. Nimekwenda. Viatu vyangu vimeharibika.

Nilidhani anaokota ovyo. Haokoti ovyo. Anatembea na jua mgongoni, kichwa chini, hasemi. Kule karakana hatukukaa. Tukapita, tukaenda mbele mpaka ule uwanda wa udongo mkavu uliopasukapasuka, hakuna mti wala kokoto. Akasimama. Hapa, akasema, ndipo nilipolipata lile la kahawia.

Nikasema lilidondoka kwenye lori.

"Lori lipite wapi?"

Nikatazama. Kweli hakuna njia. Nikasema basi mtu alilitupa. Akaniuliza mtu gani anatembea mpaka hapa kutupa jiwe moja. Nikasema mama, watu wana mambo mengi. Akacheka kidogo, kicheko chake cha puani.

Wakati wa kurudi akasema, bila hasira yoyote: "Tatizo lako unajua kila kitu. Ndiyo maana hakuna anayekuambia kitu."

Nimeliwaza hilo neno njia nzima. Halina maana. Ni la mtu aliyeshindwa hoja.

Jumatano, 22 Machi

Profesa ameleta kibao. JUMBA LA VIMONDO, kwa rangi nyekundu. Jina lake kubwa kuliko jumba. Jina la mama halimo. Nilipouliza, akasema nafasi iliisha.

Mama alikitazama kile kibao muda mrefu. Akamwomba akiegemeze ukutani, upande wa maandishi uelekee ndani.

Wakili atakuja tarehe thelathini na moja. Profesa ndiye aliyemtafuta. Naona ana haraka kuliko nyota zake.

Ijumaa, 24 Machi

Sijui niandikeje.

Nilikwenda chuoni baada ya zamu nikiwa na furaha kabisa. Nilishapanga na maneno. Nitasimama katikati ya sebule, nitasoma, nitaweka karatasi mezani, nitakwenda kuchemsha chai.

Yule dada akaniketisha. Yale mawili ni mavi ya chuma, kama ulivyosema, akaniambia. Nikashukuru. Nikasimama. Akaniambia nikae.

Akatoa lile la kahawia. Amelikata kona ndogo kwa msumeno na kuisugua mpaka ikawa laini kama kioo. Akalisogeza dirishani. Ndani ni jivujivu, limejaa vichembe vya chuma vinavyometameta, na katikati yake punje za mviringo, ndogo kama mbegu. Akasema punje hizo hazipatikani katika jiwe lolote la dunia hii. Ule weusi ulioungua ni gamba, limeungua likishuka angani. Alikuwa akisema kwa sauti ileile kavu, ila mkono wake haukuliachia jiwe.

Ni kimondo. Cha kweli.

Akauliza nani alikiokota. Anataka kumwona. Anataka aonyeshwe mahali. Nikasema ni mama mkwe wangu. Akasema, "Ana jicho huyo mama. Watu wengi wangelitupa."

Nimetoka na karatasi mkobani. Nimekaa kwenye ngazi za idara, watoto wa chuo wananiruka.

Jambo moja tu tumewahi kukubaliana, mimi na yule mlamba mawe. Na hilo hilo tumekosea.

Jumamosi, 25 Machi

Nimepiga hesabu za akili, hazitoki. Nikisema ukweli: hata kimoja kimetoka, anasaini, muuza miwani anapata nusu nyumba kwa jiwe alilolitemea mate. Nikinyamaza: mama hajui kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona.

Mume wangu ameuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo. Angekuwa mtu wa kuambiwa mambo ningemwambia. Angesema tufikirie kwanza.

Jumapili, 26 Machi

Mama ameuliza mezani, mbele ya wifi. "Majibu yametoka?"

Nikasema, "Bado."

Limetoka lenyewe, laini kabisa. Mimi, ninayerudia picha ya mgonjwa mara mbili ili nisimwandikie uongo daktari. Wifi akasema vyuo vyetu hivi vitachelewa mpaka kiama. Nikaitikia.

Mama aliendelea kunitazama kidogo, kisha akanisogezea bakuli.

Jumanne, 28 Machi

Yule dada wa chuo amepiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Nikazima.

Profesa alikuwepo jioni. Amepitia kabati zima tena na kioo chake, akamwambia mama jumba litahitaji kiti cha mkurugenzi, kile cha kuzunguka. Nimemtazama akiongea. Nimemchukia kwa raha, kama kawaida, halafu katikati ya kumchukia nikakumbuka foleni ya eksirei, na sauti yangu mwenyewe. Litupe. Raha ikaisha.

Nilijiambia kesho asubuhi namwambia mama, tukiwa wawili tu.

Alhamisi, 30 Machi

Jana sikumwambia. Leo nilimfuata uani anaanika nguo. Nikashika upande wa pili wa shuka. Nikasema, mama. Akasema, naam. Nikasema shuka hili limechakaa.

"Limechakaa," akasema.

Hivyo tu. Mtu mzima na akili zake.

Ijumaa, 31 Machi

Wamekuja wote. Wakili na begi lake, anajipepea kwa jasho. Profesa na koti — leo limefuliwa, nadhani kwa heshima ya nyumba. Wifi. Mume wangu karibu na mlango, mahali pake. Mimi nimesema naandaa chai. Naandika haya jikoni, daftari juu ya mapaja, karatasi ya chuo imo ndani ya sidiria na inanichoma.

Nimepanga: nikipeleka chai, nasema. Au asipouliza, basi. Au namwomba wakili aahirishe.

Wakili amesoma mistari ya kwanza. Profesa anaitikia kila kituo. Mama amemkatiza. Nasikia vizuri, mlango uko wazi. Amesema kabla ya kalamu ana neno. Amechoka na bado, bado, hivyo asubuhi alimwomba jirani amtafutie namba, akapiga chuoni mwenyewe. Ameongea na dada mmoja mstaarabu sana.

Hata wakili kaacha kujipepea.

Profesa anauliza, kwa sauti ya chini, majibu yanasemaje. Mama hamjibu. Anamuuliza yeye: lile la kahawia, Profesa, uliniambia ni nini? Profesa anakohoa. Anasema mawe ni mengi, mama, hakumbuki yote.

"Kuna mwingine humu atakusaidia kukumbuka," anasema mama.

Ananiita. Anasema niache chai, watu hawakuja kunywa chai. Anamwambia Profesa asogee, anipishe nafasi. Mimi na yeye tukae kochi moja.