Maji ya Jumapili ya Mfungo

Kitangari, Newala
12 Januari 2025

Mpwa wangu Dorika,

Naomba radhi kwa kukaa kimya mwaka mmoja na miezi tisa. Mtu aliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na minne hana udhuru wa kusema alikosa karatasi. Hujambo? Kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepona? Hapa Kitangari tu wazima, isipokuwa magoti yangu. Mvua imenyesha vizuri na mihogo imeshika. Bomba limekauka kama kawaida yake, na maji tunayafuata bondeni.

Simu zangu huzipokei, nami silalamiki. Barua hii nimempa Shamila, anayekuja kuuza vitenge mnadani Chiungutwa.

Rais wa tawi letu la Kanisa, Kaka Dauda, amepokea tena ombi lako la kwenda misheni kuhubiri. Ameniuliza, mimi mshauri wake, kama yule aliyetia pombe kwenye maji ya sakramenti aliwahi kujulikana. Nilimjibu kwamba hakujulikana. Ameniagiza nilichunguze jambo hilo upya na kumpa majibu kabla umri wa misheni haujakupita mwezi wa Julai.

Nalieleza kama lilivyo katika kumbukumbu za tawi. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili ya mfungo, tulikuwa waumini ishirini na watatu, hatujala wala kunywa tangu jana yake. Tulipitishiwa mkate, kisha maji katika vikombe vidogo, kwa kuwa Kanisa letu la Wamormoni halitumii divai, na sisi hata chai hatunywi. Maji yale yalikuwa na pombe. Mama Glory alipaliwa. Mtoto wake Pili aliyatema sakafuni. Nilisimama nikauliza, "Nani ameleta maji haya?" Ukanyoosha mkono.

Nakuomba unijibu kwa mpangilio. Maji uliyateka wapi? Ulitumia dumu lipi? Nani mwingine aliligusa? Na dumu lenyewe liko wapi sasa?

Mjomba wako,
Ambrosi


Chiungutwa, Masasi
30 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hata nikiwa na uchungu, Mama hakunilea nisiamkie wakubwa. Mimi ni mzima, na kifua kimepona; huku hakuna ule ubaridi wenu wa juu. Pole kwa magoti.

Nauza vitumbua kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Wananiita Dada Mormoni. Jana mmoja kaniambia, "Dada Mormoni, kitumbua bila chai si adhabu hiyo?" Nikamwambia, "Adhabu ni kukaa na wewe asubuhi yote na hununui." Tunacheka. Hawa hawajasikia habari ya maji yale, ndiyo maana wanakula kilichotoka mikononi mwangu.

Umeniuliza kama polisi, basi nakujibu kama shahidi.

Maji niliyateka bondeni siku ya Jumamosi. Bomba lilikuwa na siku ya tisa halijatoa hata tone. Ulikuwa umeniambia, "Jaza kila dumu lililomo jikoni, kesho ni zamu ya nyumba yetu kupeleka maji ya sakramenti." Ukaenda kwenye mkutano. Nilipanda na ndoo mara nne. Nyuma ya gunia la makopa ya muhogo nikakuta dumu la njano lenye kishikio kilichoungua, na ndani yake mlikuwa na maji meupe kama robo. Nikajua ni yaliyobaki. Wewe mwenyewe unajua, Mjomba, kwetu hakuna mtu anayemwaga maji ili asuuze chombo. Anaongezea juu yake. Nami niliongezea. Kunusa sikunusa kitu. Ulikuwa msimu wa mabibo, mji mzima unanuka mabibo yaliyochacha, na mimi pua zilikuwa zimeziba kwa mafua.

Asubuhi nikajitwika dumu hilo mpaka kanisani. Vijana wakamimina kwenye vikombe. Zaidi yao hakuna mwingine aliyeligusa.

Umeuliza liko wapi. Ninalo. Watu walipokwisha kunitazama, nililichukua nikatoka nje, nikanusa shingo yake. Zile pumzi chache za mafua zilinitosha. Nilirudi ndani nikijua.

Sikusema. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, nami tangu Mama afariki sina mwingine. Nilisema, mwache ajieleze mwenyewe. Nilisubiri Jumapili ishirini na moja. Mama Glory alikuwa akinirudishia sahani ya vitumbua bila hata kufunua kawa. Walikuwa wakisema nyuma yangu, sauti ikinifikia, "Mtoto wa Maria muuza pombe ya uraka, utatarajia nini?" Nawe ulikuwa umekaa mbele, karibu na rais, umeinamia kitabu cha nyimbo. Jumapili ya ishirini na mbili ilinikuta huku Chiungutwa, mimi na dumu.

Nawe nijibu swali langu moja. Nyuma ya lile gunia la makopa, nani aliliweka dumu?

Mpwa wako,
Dorika


Kitangari
16 Februari 2025

Dorika,

Sikuulizi hali leo. Sistahili kuulizia hali ya mtu niliyemharibia hali.

Mimi ndiye niliyeliweka.

Ilikuwa nipa, ile gongo ya mabibo, niliyoinunua kwa mpikaji mmoja wa Chilangala aitwaye Sultani. Alikuwa akiniletea kwa baiskeli kila mwezi. Nilijiambia kwamba ni dawa ya kuchua magoti. Kwa mwezi wa kwanza nilichua magoti. Baadaye nilikuwa nachua kidogo na kunywa kidogo, kisha nikaacha kuchua.

Sikukuandikia kukuchunguza. Nilikuandikia nipate kujua kama unajua. Nilitaka jina la mtu mwingine aliyeligusa dumu, hata kama ni la uongo, nimpelekee Kaka Dauda. Ndiyo hali ya mzee uliyekuwa ukimwamkia kila asubuhi.

Siku ile kikombe kilipogusa mdomo wangu, niliitambua. Watu wengine waliona pombe. Mimi niliona nipa ya Sultani, na nikaliona dumu nyuma ya gunia, yote kwa mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ndugu zangu, ni yangu." Badala yake nikauliza nani ameleta maji. Swali lenyewe lilikuwa sahihi, na ndilo uongo mkubwa kuliko wote niliopata kusema. Niliuliza huku nikijua ni mkono gani utakaonyooshwa.

Walipomtaja dada yangu Maria kwa uraka wake, nilinyamaza pia. Vyungu vya Maria ndivyo vilivyonipeleka chuo cha ualimu. Wewe hukuwa umezaliwa. Kila muhula alikuwa akinifungia nauli katika pindo la kanga, nayo inanuka mabibo, nami nilikuwa naona haya kuitoa mbele ya wenzangu. Nadhani haya yangu ilianza pale, ikakosea njia.

Tarehe 2 Machi ni Jumapili ya mfungo, siku ambayo kila mwenye ushuhuda husimama na kuutoa. Nitasimama. Sikuombi uje wala usamehe.

Mjomba wako, kama bado neno hilo unaniruhusu,
Ambrosi


Kitangari
3 Machi 2025

Mpwa wangu Dorika,

Jibu lako halikufika, na sikulitegemea. Natumaini u mzima.

Jana nilisimama. Majirani zetu Waislamu nao walikuwa wameanza Ramadhani, kwa hiyo mtaa wote ulikuwa kimya na matumbo matupu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu katika karatasi, aya tatu. Nilipofika mbele sikuweza kuisoma. Nilisema tu, "Pombe ile ilikuwa yangu. Dorika alileta maji. Nilijua tangu siku ile."

Kisha Mama Glory akasimama mahali pake, bila kuruhusiwa, akaniuliza, "Kaka Ambrosi, ilikuwa ya nini?"

Nikasema, "Ya magoti."

Akasema, "Magoti yana koo?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mama Glory hakucheka. Alisema, "Miezi mitano nilirudisha sahani ya yule mtoto bila kuifunua. Pili alikuwa akililia vitumbua, nami nikamwambia mikono ile ni michafu. Leo nitamwambia nini mwanangu? Wewe mwalimu, nifundishe." Akaketi, akajifunika uso kwa mtandio.

Baada ya ibada Kaka Dauda aliniita pembeni. Nimevuliwa ushauri. Sitapokea sakramenti wala kusali mbele ya watu mpaka baraza litakapokaa. Aliniuliza kama nina la kusema. Nikamwomba aijaze fomu yako ya misheni kwanza, kabla ya kunishughulikia mimi. Akanijibu, "Hilo halisubiri uniombe." Aliijaza pale pale, akaituma.

Jioni nilifungua mfungo peke yangu. Nilikwenda jikoni kuchota maji, nikajikuta nanusa kila dumu.

Naomba jambo moja, nawe una haki ya kulikataa. Niruhusu nije Chiungutwa. Nitakaa chini mkekani mbele yako na mbele ya hao vijana wa bodaboda, niseme nilichosema kanisani. Mama Glory ameniletea sahani yako moja aliyobaki nayo, ile ya bluu, ameifunika kawa. Amesema nisiifunue, ni yako.

Mjomba wako,
Ambrosi


Chiungutwa
21 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua zako mbili nimezisoma, ile ya Februari mara nyingi kuliko hii ya mwisho.

Fomu imefika. Kaka Dauda alipiga simu, nikapokea. Ameniambia kilichobaki ni sahihi yangu. Kalamu ninayo, lakini sijatia. Nilidhani siku jina langu litakaposafishwa nitaruka. Badala yake nimekaa kwenye kigoda hapa, vijana wananiuliza, "Dada Mormoni, leo umefiwa?" Nawaambia hapana, nimefufuliwa, na mtu aliyefufuliwa anakuwa na uchovu wake. Hawakuelewa, wakanunua vitumbua vyote.

Umesema Mama alikuwa akikufungia nauli katika pindo la kanga. Hakuwahi kuniambia. Alikuwa akisema tu, "Mjomba wako ni mtu wa vitabu." Alikuwa akisema kwa kujivuna. Hilo nalo sijajua niliweke wapi.

Mama Glory umwambie nimesikia. Vitumbua vya Pili nitavituma.

Sahani mpe Shamila ailete. Wewe usije. Sijasema usije kabisa. Nasema usije sasa.

Dumu bado natekea maji. Jana nililinusa shingo, kama nilivyokuwa nikifanya kila nikikukumbuka. Halina harufu tena. Sijui iliisha lini.

Mambo ya kuamua ni mawili, la fomu na la kwako, na la fomu ndilo jepesi. Nikishaamua, nitakuandikia kwa mkono wangu, usikie kwangu kwanza.

Mpwa wako,
Dorika wa Maria